Wanafunzi wenyeji wa asili wasiachiwe mzigo huu peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu kutoka Afrika Mashariki na Kongo tunaoishi Kanada, hasa wenye watoto wanaosomea udaktari na uuguzi. Kwenye harusi na misibani nimesikia maneno haya zaidi ya mara moja: wanafunzi wa wenyeji wa asili wa nchi hii wanapenda siasa mno, kila siku kamati na maandamano, si wasome tu wamalize. Maneno hayo yananiuma, maana mara nyingi kamati hizo zinapigania somo la afya ya wenyeji wa asili vyuoni.

Septemba 2008, hapa Winnipeg, Brian Sinclair, Mwanishinaabe, yaani mmoja wa wenyeji wa asili, wa miaka 45 aliyekatwa miguu yote miwili, alifika chumba cha dharura cha hospitali ya Health Sciences Centre kwa kiti cha magurudumu, akiwa na barua ya daktari wa kliniki. Mpira wake wa mkojo ulikuwa umeziba. Alikaa pale saa 34. Alitapika, na watu waliokuwa wakisubiri waliwaita wafanyakazi, lakini hakuhudumiwa. Walipokuja kumtazama alikuwa ameshakufa kwa maambukizi ya kibofu, ugonjwa unaotibika kwa kubadilisha mpira na kutoa antibiotiki. Uchunguzi wa mahakama ulielezwa kwamba baadhi ya waliomwona walidhani amelewa, au hana pa kulala. Miaka 12 baadaye, kule Joliette, Quebec, Joyce Echaquan, mama wa watoto saba kutoka Waatikamekw, nao wenyeji wa asili, alirusha mtandaoni kwa simu yake matusi ya wahudumu akiwa kitandani hospitalini. Akafa siku hiyohiyo.

Dawa na wataalamu walikuwepo hospitali zote mbili. Kilichokosekana ni kumtazama mgonjwa bila dharau, na hilo lilipaswa kufundishwa chuoni.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ililiona hilo. Mwaka 2015, baada ya kuwasikiliza waliopitia shule za bweni ambako watoto kama 150,000 wa wenyeji wa asili walitenganishwa na lugha na jamaa zao, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua. Mwito wa 24 unataka kila mwanafunzi wa udaktari na uuguzi asome afya ya wenyeji wa asili, historia ya shule zile, mikataba na haki zao. Wa 23 unataka wahudumu wa afya kutoka jamii hizo waongezwe. Lakini nani anauliza somo limefikia wapi, nani analifundisha, na kama linatahiniwa? Mara nyingi ni wanafunzi wenyewe wa jamii hizo: Waanishinaabe, Wakrii, Wametis, Wainuit. Katika darasa la watu mia, mwalimu akigusia watu wao, macho yote humgeukia mmoja. Ataombwa asimulie aliyoyapitia bibi yake shule ya bweni, na kesho yake aingie mtihani wa anatomia pamoja na wenzake waliopata usiku mzima wa kusoma.

Anayeziita hizo siasa amkumbuke Jordan River Anderson, mtoto wa Wakrii wa Norway House, huku kwetu mkoa wa Manitoba. Madaktari walisharidhia atoke hospitali, lakini serikali kuu na ya mkoa zikabishana nani alipie matunzo yake nyumbani. Alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka mitano, bila kulala kwao hata siku moja. Ni kelele za watu wake zilizolifanya Bunge, mwaka 2007, likubali kanuni kwamba mtoto ahudumiwe kwanza, mabishano ya malipo yafuate.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi. Katika kupokezana zamu nimesikia mgonjwa akitajwa ulevi kabla hajapimwa sukari, na wenzetu waliofika nchi hii juzi wakiitikia kwa kichwa. Dharau hiyo hatukuja nayo kutoka nyumbani. Tumeifundishwa hapa kazini, na watoto wetu watafundishwa hivyohivyo wasipowahi kufundishwa vingine.

Vyuo viwalipe wanafunzi hawa wanapofundisha, na saa za kamati zihesabiwe kuwa kazi ya masomo. Watoto wetu nao waingie kamati hizo, waandike kumbukumbu za vikao, wadai somo litahiniwe kama famakolojia, ili mwenzao naye apate jioni ya kusoma. Mzazi mwenzangu, leo ukimpigia mwanao, muulize somo hilo kwao lina saa ngapi, na kama anayelipigania anaachwa peke yake.

Wako,
Muuguzi, Winnipeg, Kanada