Kuruhusiwa kutoka hospitali si kupona

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mama yangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka juzi.

Mama aliteleza uani akavunjika. Upasuaji ulikwenda vizuri, kidonda hakikutunga usaha, nyuzi zilitolewa kwa wakati, na siku ya kuruhusiwa cheti chake kiliandikwa kwamba anaendelea vizuri. Sina ugomvi na madaktari waliomtibu, kwa sababu mfupa waliuunga sawasawa. Lakini miezi minne baadaye alikuwa bado hawezi kuchuchumaa chooni bila kushikwa, alisali akiwa ameketi kitini, na maumivu yalimwamsha karibu kila usiku. Hakuna aliyemwuliza habari hizo. Katika kumbukumbu za hospitali, mama yangu alihesabiwa miongoni mwa waliopona.

Mimi mwenyewe nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeandika "hali nzuri" kwenye mafaili yasiyo na idadi baada ya kupima joto la mwili, presha na mapigo ya moyo, na kukagua kidonda. Vipimo hivyo ni vya lazima, wala sitaki mtu avipuuze. Vinatuonyesha kwamba mgonjwa amevuka hatari ya siku zile. Kama amerudi kuwa mtu aliyekuwa kabla ya kuugua, hilo havituonyeshi.

Namna ya kulipima hilo ipo, na haihitaji mashine. Mwaka 2013 wataalamu wa nusukaputi wa Australia walichapisha dodoso la maswali 15, kila moja likipewa alama kuanzia 0 hadi 10, ambamo mgonjwa huulizwa kama anapumua bila taabu, kama amelala, kama anafurahia chakula, kama anajihudumia mwenyewe chooni na kuoga, na hata kama ana wasiwasi au huzuni. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2009, wanaobadilishiwa nyonga au goti hujaza fomu kabla ya upasuaji na tena baada ya miezi sita. Hilo neno "kabla" ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo hili, maana bibi aliyekuwa akitembelea mkongojo tangu zamani na yule aliyekuwa akilima shamba lake hawawezi kupimwa kwa kiwango kimoja.

Tukiamua kuyatumia madodoso hayo, tusiishie kuyatafsiri. Fomu ya nyonga ya Waingereza humwuliza mgonjwa kama anaweza kuvaa soksi. Mama yangu hajavaa soksi maisha yake yote. Yeye aulizwe kama anaweza kuketi mkekani na kuinuka, kubeba ndoo ya maji, kupanda daladala na kusujudu.

Wapo watakaosema kwamba wauguzi ni wachache na kazi ni nyingi, na ni kweli, nimeiishi hali hiyo. Hata hivyo, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, uliohusisha wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ulionyesha kuwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alipata madhara baada ya upasuaji, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya waliofariki walifariki kuanzia siku iliyofuata upasuaji. Hatari kubwa basi ipo nje ya chumba cha upasuaji, katika siku ambazo macho yetu yamekwisha kuhamia kwa mgonjwa mwingine, na kidonda chenyewe kinaweza kuingia wadudu hata wiki kadhaa baada ya mtu kufika kwake.

Pendekezo langu ni dogo. Katika daftari la wagonjwa, safu ya matokeo hujazwa siku ya kuruhusiwa. Iongezwe safu ya pili, ya siku ya 30, itakayojazwa na muuguzi baada ya kumpigia simu mgonjwa au ndugu anayemuuguza na kumwuliza maswali matano au sita yaleyale aliyoulizwa siku alipolazwa. Majibu hayo yasomwe katika kikao cha wodi cha kila mwezi, pamoja na idadi ya upasuaji uliofanyika.

Muuguzi mstaafu,
Tanga