Kabla ya kununua boila, chukueni ndoo na saa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliuliza: nyumbani tuko watu watano, tununue boila (tangi la umeme la kupasha maji ya kuoga) ya lita ngapi? Akajibiwa kwa mkato, lita 200. Mimi ni fundi bomba, nina miaka 26 katika kazi hii, na jibu hilo limenikosesha raha. Nimelisikia likitolewa mara nyingi, na mimi mwenyewe niliwahi kulitoa.

Niliwafungia wazee wawili, mke na mume, tangi la lita 200. Watoto wao walitaka maji yasipungue wakija likizo. Watoto wale hukaa siku kumi kwa mwaka. Siku nyingine zote mzee mmoja anaoga asubuhi, mwenzake jioni, na tangi linakesha likipasha maji ambayo hakuna anayeyagusa. Tangi hata liwe limezungushiwa sponji nene namna gani, joto linavuja usiku na mchana. Themostati ikihisi maji yamepoa, inawasha umeme tena. Yule mama aliniuliza, "Mwanangu, mbona uniti zinakwisha upesi na sisi tuko wawili tu?" Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi nikawafungia la lita 80, na sikuwatoza ufundi.

Tangu siku hiyo sianzi tena na idadi ya watu. Nauliza: ni saa ipi maji ya moto yanatumika kwa wingi, na katika saa hiyo nani na nani wanaoga? Watu watano wanaopishana, wawili alfajiri, mmoja mchana, wawili usiku, wanaweza kutoshwa na tangi la wastani kwa sababu linapata muda wa kupasha upya. Watatu wanaotoka pamoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi watayamaliza maji ya moto ya tangi hilohilo kabla wa mwisho hajajisuuza.

Halafu natoa ndoo. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la mvua, fungulia kama unavyooga siku zote, tazama saa. Ikijaa kwa dakika moja na robo, bomba lako linatoa lita 8 kwa dakika. Anayekaa chini yake dakika 8 ametumia lita 64. Si zote za moto, maana mwili unataka maji ya nyuzi 40 hivi. Kama ya tangini yana nyuzi 60 na ya mfereji nyuzi 20, unachanganya nusu kwa nusu, kwa hiyo mtu mmoja anachukua lita 32 za tangini. Wale watatu wa asubuhi, lita 96. Wala usidhani tangi la lita 100 litakupa zote 100: kila ukifungulia, ya baridi yanaingia kwa chini na kujichanganya na ya moto, nami huhesabu kwamba robo tatu hadi sehemu nne kati ya tano ndizo zitakazofaa. Familia hii basi inahitaji lita 120 na kidogo. Na hesabu ifanywe kwa msimu wa baridi. Maji ya mfereji yakishuka hadi nyuzi 10, kila mmoja atachukua lita 38 badala ya 32.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni kilowati, yaani nguvu ya kupasha. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula karibu uniti 4.7. Elementi (chuma kinachopasha maji tangini) ya kilowati 1.5 itahangaika zaidi ya saa tatu. Ya kilowati 3 itamaliza kwa saa moja na nusu hivi. Matangi mawili yaliyoandikwa lita sawa yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa kwa mtu anayeoga wa nne. Ila kilowati 3 kwenye volti 240 zinavuta ampea 12.5, kwa hiyo boila ipewe waya wake na breka yake, na waya wa athi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, usiachwe ukining'inia. Hapo sina masihara na mtu.

Mashine za papo kwa papo, zisizo na tangi, zinazopasha maji yanapopita, zina hesabu nyingine. Kupandisha lita 8 kwa dakika kwa nyuzi 20 kunataka kilowati 11. Ukinunua ya kilowati 5.5 utapata lita 4 kwa dakika, au maji mengi yenye uvuguvugu. Fundi hajakosea wala mashine si mbovu. Ni ndogo kwa kazi uliyoipa.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kipimo kibaya huzaa hatari. Mwenye tangi kubwa mno, akitaka kubana umeme, anashusha themostati hadi nyuzi 40, na katika joto la nyuzi 20 hadi 45 ndipo bakteria wa Legionella wanaoleta homa ya mapafu huzaliana. Maji ya tangini yawe nyuzi 60. Mwenye tangi dogo naye anaipandisha hadi 75 ili yatoshe. Niliitwa katika nyumba ya namna hiyo baada ya mtoto wa miaka mitatu kuungua mguu bafuni. Wazazi walikuwa wamenunua tangi dogo kuliko haja yao, basi. Niliwawekea tangi la kufaa na vali ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi kabla hayajafika bombani, na nawasihi wote wenye watoto au wazee waidai vali hiyo.

Msisahau ukuta wa kulibeba tangi pia. Lita 100 za maji ni kilo 100 kabla hujahesabu tangi lenyewe.

Kwa yule msomaji wa watu watano, kama bado hajanunua, namwomba hivi. Kwa siku saba andika kwenye karatasi nani ameoga, saa ngapi, kwa dakika ngapi. Chini yake andika ndoo yako imejaa kwa muda gani. Mpe fundi karatasi hiyo kabla hajakutajia lita. Akikataa kuisoma, tafuta fundi mwingine.

Wako mwaminifu,
Fundi bomba, msomaji wa siku nyingi