Kovu la mkononi mwako

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, baba yako kutwa yuko kwenye mikarafuu. Nimeambiwa mjukuu wangu ameanza kutambaa, na tangu hapo usingizi umenipungua. Kitoto kikianza kutambaa, safari yake ya kwanza ni jikoni.

Lile kovu la mkononi mwako hujapata kuniuliza. Ulikuwa na miaka miwili, Ramadhani, magharibi inakaribia. Nimeipua sufuria ya uji, nikaiweka chini, nikageukia vitumbua visiungue. Ukautumbukiza mkono. Jirani mmoja akaja na yai, mwengine na dawa ya msuwaki, na mimi nikapaka vyote viwili! Hospitali walikwangua kwanza uchafu ule ndipo wakaona kidonda, na kilio chako cha siku ile ninakisikia mpaka leo. Na mtungi wa maji ulikuwa hatua mbili kutoka pale.

Basi akiungua, Mungu apishe mbali, maji. Ya baridi ya kawaida, si barafu, yapite juu ya palipoungua dakika 20 kwa kutazama saa. Utaziona nyingi. Mtoto atalia, mkweo atakwambia basi, atashikwa na baridi. Mfunike kanga mwili uliobaki, wewe endelea kumwagia. Hata ukichelewa, ndani ya saa tatu maji bado yanasaidia. Bangili na hirizi mvue upesi kabla hajavimba, ila nguo iliyogandana na ngozi iache. Malengelenge usiyatumbue. Kisha funika kwa kitambaa safi, bila ya kukaza, umpeleke hospitali. Kwa umri wake usingoje kupima ni kubwa au dogo.

Mafuta ya taa usiyatie kwenye chupa ya soda, hata kwa siku moja. Akiyanywa usimtapishe wala usimpe maziwa; akitapika huingia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari. Mbio hospitali ya Mnazi Mmoja.

Akikwamwa na kitu kooni, maadamu anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Sauti ikikatika, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Kisipotoka mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, kisha urudie, na mtu akimbilie gari. Kidole mdomoni usitie kama kitu chenyewe hukioni, utakisukuma ndani.

Nakuletea muhogo kwa meli ya Alkhamisi, na ndani ya kikapu mna kata mpya, baba yako ameichonga mpini mrefu. Maji ya bomba ya huko mjini nayajua, huja yakitaka. Weka ndoo iliyojaa, yenye mfuniko, na kata uitundike karibu na jiko, mahali utakapoifikia na mtoto ukiwa umempakata.

Mama yako