Kwa Salim: namna ya kumsoma Richard Popkin

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeuliza uanzie wapi na Popkin, yule mwanahistoria wa falsafa, na kwa nini kitabu chake kikuu, The History of Scepticism, kinatajwa kwa majina tofauti.

Majina ni matatu kwa sababu matoleo ni matatu. La 1960 linafuata historia ya falsafa ya shaka, ile inayohoji kama mtu anaweza kujua jambo kwa hakika, tangu Erasmus, msomi Mkatoliki, hadi mwanafalsafa Descartes. La 1979 linafika kwa mwanafalsafa Spinoza. La 2003, lililotoka miaka miwili kabla hajafariki, linaanzia nyuma kwa Savonarola, mhubiri wa Italia, na kuishia kwa Bayle, mwandishi Mfaransa. Tafuta hilo la mwisho. Ukinukuu, taja mwaka wa toleo kila mara: kurasa hazilingani, na msomaji mwenye toleo la 1979 ataitafuta sura ya Bayle asiione.

Hata hivyo, kabla ya Popkin msome Sextus Empiricus, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kitabu cha kwanza cha muhtasari wake wa falsafa ya Pyrrho, Mgiriki anayehesabiwa baba wa shaka, vifungu vya 164 hadi 177. Hapo utakuta njia tano za kuzuia hukumu, yaani kutoamua lipi ni kweli. Watu wanatofautiana, kila hoja inadai hoja nyingine ya kuitegemeza, bila kikomo, kitu huonekana kulingana na anayekitazama, mtu hushika dhana asiyoithibitisha, au huthibitisha jambo kwa jambo lile lile. Zikariri, maana zitakurudia kitabu kizima.

Sasa ingia sura ya kwanza, nayo isome polepole. Mwaka 1519, kule Leipzig, Ujerumani, Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alipinga kwamba Papa na mitaguso (mabaraza makuu ya Kanisa) hawawezi kukosea. Mwaka 1521, mjini Worms, alisimama juu ya Maandiko na dhamiri yake. Wengi husoma habari hizi kama ugomvi wa madhehebu tu. Popkin aliona kwamba kilichobishaniwa ni kigezo chenyewe cha kuamua imani ipi ni ya kweli. Ukiulizwa kwa nini Maandiko na si Papa, utajibu kwa kigezo kipi? Ukitumia kile kile, unaikagua mizani kwa mizani hiyo hiyo. Ukileta kingine, nacho kitadaiwa uthibitisho wake. Ubishi ulikuwa umeshapamba moto ndipo Henri Estienne akachapisha Sextus kwa Kilatini, 1562, na Gentian Hervet akafuata na vitabu vilivyobaki, 1569. Hoja za kale zikawa silaha: Hervet, Mkatoliki, alizipendekeza dhidi ya wafuasi wa Calvin, Waprotestanti. Kwangu, hakuna ugunduzi wa Popkin unaozidi huu.

Kosa linaloharibu usomaji kuliko yote ni kudhani mwenye shaka ni kafiri. Erasmus, mwaka 1524, aliona suala la hiari ya mwanadamu ni gumu mno, akaona heri kubaki na mafundisho ya Kanisa. Montaigne naye, mwandishi Mfaransa, akili ilipomshinda kutoa uhakika, alibaki katika dini aliyoikuta. Aliyekasirishwa na shaka ni Luther, aliyemjibu Erasmus mwaka 1525 kwamba Roho Mtakatifu si mwenye shaka.

Usiziruke sura za Mersenne na Gassendi, wanafikra wa Ufaransa, kwa haraka ya kumfikia Descartes. Mersenne, katika kitabu chake cha 1625 kuhusu ukweli wa sayansi, anakubali kwamba asili ya vitu hatuifikii, kisha anajaza kurasa nyingi za hisabati kuonyesha kwamba bado tunajua vya kutosha kupima na kutabiri. Njia hiyo ya kati ndiyo iliyoipa sayansi mpya pa kukanyaga. Sura mbili za Descartes, ya ushindi wake dhidi ya shaka na ya kunaswa kwake humo bila kutaka, zisome kwa mkao mmoja. Ukisoma moja tu utampata nusu.

Mahali pamoja umsome Popkin kwa tahadhari: anampa Sextus uzito mkubwa mno. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, alishaandika kwa Kilatini juu ya shaka ya Waakademia, wanafalsafa wa shule aliyoianzisha Plato, na Augustino alishawajibu, karne nyingi kabla ya 1562. Kwa hiyo kila anapotajwa mtu wa kabla ya mwaka huo, uliza kwanza chanzo chake ni Sextus au Cicero.

Kabla ya sura ya mwisho, fungua kamusi ya Bayle ya 1697, makala ya Pyrrho, tanbihi B, yenye mazungumzo ya mapadri wawili. Popkin mwenyewe alitafsiri makala teule za kamusi hiyo, zikatoka 1965. Ukiimaliza tanbihi hiyo, niandikie unavyoielewa hoja ya yule padri mwenye shaka.

Wako,
Idrisa