Si kila aliyevaa koti jeupe ni daktari

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Juma lililopita mlitoa habari ya yule "daktari" aliyekuwa akidunga watu sindano nyuma ya duka la dawa, mkamalizia kwa kuwaambia wenye malalamiko wayapeleke kwa baraza la madaktari. Mstari huo ndio ulioniudhi. Ndio watu watakaoukata na kuuhifadhi, na umekosea.

Hapa Lamu kila anayeshika sindano tunamwita daktari. Nesi ni daktari, afisa wa kliniki ni daktari, na kijana wa dukani anayepima malaria naye ni daktari. Sheria haiwajui hivyo. Madaktari na madaktari wa meno wana baraza lao chini ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya, na hilohilo ndilo linalozipa hospitali leseni. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, Sura ya 257. Maafisa wa kliniki, ambao ndio wengi wetu huonana nao kwenye vituo vya afya, wana baraza lao na sheria yao ya mwaka 2017. Wafamasia na maduka ya dawa wako chini ya Bodi ya Dawa na Sumu, Sura ya 244. Watu wa maabara nao wana bodi yao. Na huyo mtu wenu, ikiwa hayumo katika rejista yoyote, baraza litamfutia nini? Hana jina la kufutwa. Huyo ni wa polisi na mahakama ya jinai.

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Basi sikilizeni. Kuna mama mtaani kwetu, mke wa mvuvi, alivunjika mkono akafungwa plasta katika kituo kimoja cha serikali. Plasta ilikaza. Usiku vidole vikavimba, vikawa baridi, vikafa ganzi. Aliporudi asubuhi aliambiwa ameze dawa ya maumivu akapumzike, na kila mwenye kazi hiyo anajua kwamba dalili hizo zinataka plasta ipasuliwe saa ileile, pamoja na pamba iliyo chini yake mpaka ngozi ionekane, kwa sababu misuli ikikosa damu kwa saa kadhaa haifufuki tena. Mkono umekauka. Mama akaandika kwa baraza la madaktari, akangoja miezi, akajibiwa kuwa aliyemtaja si daktari na hayumo katika rejista yao. Alikuwa afisa wa kliniki. Na wakati huo wote saa ya sheria ilikuwa ikitembea: kuidai serikali fidia kwa uzembe, muda ni miezi 12 tu tangu madhara yatokee. Hospitali ya binafsi ni miaka 3. Hakuna aliyemwambia, na barua kwa baraza haisimamishi saa hiyo. Kazi ya baraza ni leseni na nidhamu; anayetaka fidia inayotekelezwa kwa hukumu huenda mahakamani, tena mapema.

Na mahakamani uchungu peke yake hausaidii. Lazima uonyeshe kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwako, kwamba alifanya chini ya kiwango ambacho wenzake wa kada yake, yaani wa aina yake ya kazi, wangekikubali (kipimo hiki kilitoka Uingereza mwaka 1957 na mahakama zetu bado hukitumia), na kwamba kosa hilo hasa ndilo lililoleta madhara. Kesi nyingi hufia kwenye hilo la tatu. Kwa plasta ile, swali ni saa ngapi mgonjwa alirudi, alisema nini, na nani aliandika nini kwenye faili. Kwa hiyo siku hiyohiyo ulizeni jina, kada na nambari ya usajili, muandike nyuma ya cheti. Wekeni risiti na pakiti ya dawa yenye nambari ya toleo. Pigeni picha ya vidole. Ombeni nakala ya faili kwa maandishi, na mbaki na nakala ya ombi lenyewe.

Tukiwa hapo, fomu za ridhaa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, hatari zake na haki yake ya kukataa, na inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoifahamu na kwa kadiri ya kisomo chake. Mama aliyetoka Kizingitini kwa boti hupewa karatasi ya Kiingereza mlangoni pa chumba cha upasuaji, akaweka kidole gumba. Pengine karatasi hupewa mume, na mke mwenye akili timamu yuko palepale hakuulizwa. Saini ya mume si ridhaa ya mke. Na kwa dharura, Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu. Hospitali yenye uwezo ikimwacha mgonjwa kwa kukosa dipoziti, faini yake hufika shilingi milioni 3.

Ninachotaka ni hiki. Kila kituo kitundike kando ya dirisha la malipo, mahali macho yanapofika, leseni ya kituo na orodha ya wahudumu wa zamu: jina, kada kwa Kiswahili, baraza lake. Herufi ziwe kubwa za kusomwa na mzee asiye na miwani. Fomu ya ridhaa ichapwe kwa Kiswahili na isomwe kwa sauti. Nanyi, kwa kuwa leseni za madaktari huisha tarehe 31 Desemba, chapeni kila Januari kisanduku chenye mabaraza yote na kazi zake. Na mwandishi wenu akienda hospitali, kabla hajaandika neno "daktari" amuulize mtu huyo kada yake na nambari yake.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu