Chandarua kimfuate mkulima hadi kwenye dungu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie malaria ya shambani, ambayo sisi wakulima wa Lindi na Mtwara tunaijua vizuri lakini kwenye mikutano ya vijiji haitajwi inavyostahili.

Tangu mwaka 2013 vyandarua vyenye dawa vimekuwa vikigawiwa kupitia shule katika mikoa yetu, na kliniki nako wajawazito hupewa vyao. Nashukuru kwa dhati. Lakini mpunga unapotoa masuke, familia nyingi huhamia mabondeni, mchana kuamia ndege na usiku kufukuza nguruwe, huku vyandarua vikibaki vimening'inia juu ya vitanda kijijini. Dungu, yaani kibanda cha juu ya nguzo wanamolala wakilinda shamba, halina ukuta wa maana. Watu hujifunika kanga, moto ukifuka chini, na tangu usiku unapoingia hadi alfajiri, muda ambao mbu waenezao malaria huuma zaidi, aliyelala humo hana kinga yoyote, ilhali majaruba yaliyojaa maji yako hatua chache tu.

Madhara yake hayaishii bondeni. Homa huchukua wiki moja hadi mbili, pengine zaidi, kujitokeza, hivyo mtu hurudi kijijini akiwa na vimelea mwilini, mbu wa huko wakamuuma, na baada ya siku kadhaa wakawaambukiza majirani ambao hawakukanyaga bondeni msimu mzima.

Ninawaomba wenyeviti wa vijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanapoandikisha kaya, wahesabu pia malazi ya shambani. Kipimo cha chandarua kimoja kwa watu wawili hakiitoshi kaya inayolala sehemu mbili, kwa sababu bibi aliyebaki nyumbani na wajukuu hawezi kuvuliwa chandarua chake ili kipelekwe shamba. Nasi wakulima tuna wajibu wetu: miti minne na kamba vinatosha kukifunga, na kingo zake zichomekwe chini ya mkeka. Kukifanya uzio wa vifaranga ni kuwanyima watoto kinga yao. Mwenye homa naye apelekwe zahanati akapimwe, wala dawa mseto ya siku 3 isigawanywe kati ya wagonjwa wawili kwa sababu tu njia ni ndefu.

Haya yajadiliwe kijijini kabla watu hawajahamia mabondeni msimu ujao, kwani wakishahama hakuna wa kumwitia mkutano.

Mkulima wa mpunga,
Lindi