Tusimchape mtoto kwa dalili za kuumizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu, na wazazi pia. Watoto wengi wanaofanyiwa ukatili hutuonyesha mapema. Sisi tunaita utovu wa nidhamu, tunachukua fimbo.

Nilipata kumwona mtoto wa darasa la tatu, hodari wa hesabu, akaanza kusinzia darasani na kujikojolea. Kengele ya kutoka ikigongwa, wenzake wanakimbilia getini, yeye anashika fagio na kufagia darasa hata kama si zamu yake. Ofisini majibu yalikuwa tayari: mvivu, mkaidi, ana mashetani. Mwalimu mmoja alikaa naye kando akamuuliza, "Ukifika nyumbani unamkuta nani?" Huyo ndiye aliyeambiwa ukweli.

Kusinzia kunaweza kuwa njaa au malaria, na dalili moja haimtii mtu hatiani. Lakini zikifuatana, ulizeni: mtoto anamkwepa mtu fulani, anatembea kwa maumivu, anajua mambo ya chumbani yasiyo ya umri wake, ana pesa asizoweza kuzieleza. Na msiwasahau wavulana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Mtoto akisema, msikilize bila kumhoji kipolisi. Mwambie unamwamini na kwamba hana kosa. Usimwahidi kuficha siri. Kama amebakwa au kulawitiwa, asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe, afikishwe hospitali upesi, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Vituo vya Mkono kwa Mkono vina daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Kituo kikiwa mbali, nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116 bure.

Kinachoniuma zaidi ni kumalizana kifamilia. Kikao kinakaa, fidia inatajwa, mama anaambiwa asiivunje nyumba kwa maneno ya mtoto. Kesho yake mtoto huyohuyo analazimishwa kumwamkia "shikamoo" mtu aliyemuumiza! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa anapojua mtoto anadhulumiwa. Haikumsamehe shangazi wala mjumbe.

Kesi ikifunguliwa tunadhani kazi imekwisha, kumbe mtoto bado anaamka usiku akipiga kelele. Asisimulishwe upya kwa kila mgeni anayekuja kutoa pole. Arudi kwenye ratiba yake ya shule na michezo, awe na mtu mzima mmoja asiyembadilikia, na aendelee kwenda kwa mnasihi hata akionekana amechangamka. Akirudi nyuma, akakojoa tena kitandani, asichekwe.

Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha kwa jina tu. Ana vipindi kama wenzake na hana hata chumba cha kuzungumza na mtoto faraghani. Naziomba halmashauri zimpunguzie vipindi, zimpe mafunzo na chumba chenye mlango, na afisa ustawi wa jamii wa kata afike shuleni kabla hajaitwa kwa msiba.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro